Bingwa haivi kwa moto wa makuti

Wadau, kuna jamaa nilisoma naye sekondari. Alipokuwa na miaka 15, wote tuliokimbia naye tulimjua kwa kisogo. Mwalimu wa michezo akamkimbiza asubuhi na jioni, wiki nzima bila kupumzika, ili shule ipate kombe. Kombe likaja. Kufika kidato cha nne goti likawa limekwisha, na mpaka leo akipanda ngazi anashika ukuta.

Nimemkumbuka wiki hii nikisoma historia ya Iten, Kenya. Mwaka 1976 Colm O'Connell, bruda wa Kikatoliki kutoka Ireland, alifika shule ya St. Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa kocha wa riadha. Kazi hiyo aliijifunza palepale, kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia. Peter Rono, aliyesoma hapo, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 kule Seoul mwaka 1988. Hesabu mwenyewe: miaka 12.

Lakini mimi kilichonigusa zaidi ni habari ya David Rudisha. Alianza na mita 400 na dekathloni, Bruda Colm akamwelekeza kwenye mita 800. Mwaka 2006, akiwa na miaka 17, akawa bingwa wa dunia wa vijana. Hapo wengi wetu tungemkamua kama ndimu! Mwaka 2008 majeraha yakamnyima Olimpiki. Mwaka 2009 akaishia nusu fainali ya mashindano ya dunia, Berlin. Bruda hakumwacha. Agosti 2010 akavunja rekodi iliyodumu tangu 1997, ya Wilson Kipketer, naye aliyepitia St. Patrick's. London 2012 akaongoza mwanzo hadi mwisho, 1:40.91, rekodi mpya tena. Rio 2016 akachukua dhahabu ya pili.

Mwili wa kijana una ratiba yake. Mifupa yake bado ina sehemu laini zinazokua karibu na viungo. Ukiitwisha kila siku mzigo wa mtu mzima, inaumia, na anayelipa ni mtoto, si mwalimu aliyebeba kombe.

Sasa nauliza: yule mtoto anayeng'ara leo UMITASHUMTA, nani anamfuatilia mpaka afikishe miaka 23? Au tunasubiri kombe tu, kisha tunatafuta mwingine?

Mnaonaje?