Homa ya Mlimani na Amri ya Kukaa Nyumbani

Mtoto wa Kilifi, pwani ya Kenya, au wa Homa Bay kando ya Ziwa Victoria, huumwa na mbu wenye malaria karibu mwaka mzima. Baadhi hufa wadogo. Anayenusurika, mwili wake huzoea kiasi, na desturi ya huko imefuata mkondo huo: chandarua, mwarobaini wa kuchemsha, na mtu mzima anayejikaza kwenda shambani huku homa ikimpanda.

Abagusii hawana mazoea hayo. Masimulizi yao yanasema walipita tambarare za Kano, karibu na ziwa, kabla ya kuingia milimani wanakoishi sasa, kaunti za Kisii na Nyamira. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Baridi ya huku huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu, hivyo malaria huja kwa vishindo baada ya masika, mbu wakizaliana kwenye madimbwi ya mabondeni na mashimo ya wafyatua matofali. Ikija, baba mwenye nguvu zake huanguka kama mtoto. Mlipuko wa katikati ya 2002 uliua mamia ya watu katika nyanda za juu za magharibi. Mtu mzima wa pwani anaweza kuisikilizia homa. Wa mlimani hana siku ya kupoteza.

Ndipo ikaja corona, iliyotangazwa kuingia Kenya 13 Machi 2020. Kwa miaka wahudumu wa afya walikuwa wamefundisha: mgonjwa akipata homa, afike zahanati ndani ya saa 24. Sasa tangazo likasema mwenye homa na kikohozi akae nyumbani, apige simu ya dharura, 719. Kafyu ya usiku ikaanza 27 Machi, masika yakiingia, na watu wakaogopa karantini kuliko homa yenyewe. Amri ya kukaa nyumbani ilifaa miji ambako homa ni dalili ya mafua. Kwa Marani ya Kisii au Borabu ya Nyamira ilikuwa ya hatari, nami sioni namna ya kuitetea.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 69,000 zaidi vya malaria duniani mwaka 2020 kuliko 2019. Takriban 47,000 vilitokana na huduma kuvurugika wakati wa corona.

Virusi vingine vya mapafu vitakapokuja, Wizara ya Afya na kaunti hizi mbili ziwape wahudumu wa afya ya jamii barakoa, vipimo vya haraka vya malaria na dawa mseto ya kuitibu kabla ya Mei, na tangazo la huku liseme: mwenye homa apimwe malaria leo.