"Uimarishaji chanya" kwa mbwa wa nyumbani

Mwanafunzi wa shule ya ualimu Beni au Butembo, mashariki mwa Kongo, hukutana na maneno ya Kifaransa renforcement positif katika somo la saikolojia, huyakariri kwa ajili ya mtihani, na mara nyingi huishia hapo. Mwenzake wa Tanzania hukutana na jambo hilohilo kwa jina la uimarishaji chanya. Ni istilahi ndefu, yenye harufu ya darasa, na mtu angedhani haina kazi katika ua wa nyumba ya Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, mahali ambapo mbwa hulinda mbuzi, kuku na kakao iliyoanikwa. Mimi naona inafaa hapo kuliko mahali pengi, mradi ieleweke. Na si rahisi kueleweka, kwa sababu kila neno kati ya hayo mawili lina mtego wake.

Tuanze na uimarishaji. Mwaka 1898 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa paka waliofungiwa ndani ya visanduku vyenye komeo. Paka alihangaika, akakwaruza, akang'ata mbao, mpaka kwa bahati akaligusa komeo, mlango ukafunguka, akatoka akala. Aliporudishwa ndani mara nyingi, mahangaiko yalipungua, na kile kitendo kimoja kilichofungua mlango kikaja upesi zaidi. Thorndike akahitimisha kwamba kitendo chenye matokeo ya kufurahisha hurudiwa, na chenye matokeo ya kuudhi hufifia. Baadaye mwanasaikolojia mwenzake B. F. Skinner, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938, aliyapanga mambo hayo, na kutoka katika kazi yake na ya waliomfuata yakaja majina tunayohangaika nayo hadi leo.

Kinachoimarishwa, basi, ni kitendo. Si mnyama, wala si urafiki wa mnyama na mwenye nyumba. Watafsiri walichagua vizuri waliposhika mzizi wa "imara", kwa sababu unataja kile kinachotokea kwa tabia: ilikuwa dhaifu, inakuwa thabiti. Hapo ndipo palipo mtego, maana wengi husoma uimarishaji wakafikiri ni zawadi. Zawadi isiyoongeza kitendo si kiimarishi, hata ikitolewa kwa moyo mweupe. Mbwa aliyeshiba ukimpa tonge la bugali hujaimarisha chochote. Mbwa asiyependa kuguswa kichwani ukimpapasa kichwani kwa kumpongeza, umemkera. Anayeamua kipi ni kiimarishi ni mbwa mwenyewe, kwa namna atakavyotenda kesho.

Mtego wa pili umo ndani ya chanya, na huu ni mkubwa zaidi. Katika hesabu za shule za Tanzania kuna namba chanya na namba hasi, yaani zilizo juu ya sifuri na zilizo chini yake. Kutoka hapo neno likaingia magazetini na kwenye semina, likageuka kuwa "nzuri": mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Skinner hakuwa akizungumzia uzuri. Kwake chanya ni kuongeza kitu na hasi ni kuondoa kitu, kama katika hesabu. Ndiyo maana kuna njia nne, na mbili kati yake zina majina yanayomshangaza msomaji wa Kiswahili. Ukimpa mbwa kipande cha samaki baada ya kukaa, umeongeza kitu anachokipenda ili kitendo kizidi: uimarishaji chanya. Ukiilegeza kamba iliyokuwa ikimbana pindi anapotembea karibu nawe, umeondoa kero ili kitendo kizidi: uimarishaji hasi. Akikurukia kifuani ukamgeuzia mgongo, umeondoa macho na sauti yako anavyovitamani ili kitendo kipungue: adhabu hasi. Ukimchapa fimbo umeongeza maumivu ili kitendo kipungue, na jina la kitaalamu la fimbo hiyo ni adhabu chanya.

Hebu mwambie mama wa nyumba kwamba fimbo ni "chanya"! Istilahi sahihi inaweza kuharibu somo lote ikitupwa bila maelezo. Nimewahi kusikia watu wakisema "mafunzo chanya" wakiwa na maana ya mafunzo ya upole. Nia yao ni njema, lakini maneno hayo hayabagui kitu, kwa kuwa hata anayepiga angeweza kuyadai.

Nikae kidogo kwenye fimbo, kwa sababu ndiyo mwalimu wa mbwa wengi. Fimbo hupunguza kitendo, hilo ni kweli, na ndiyo maana watu huiamini. Lakini haimwambii mbwa afanye nini badala yake. Mbwa aliyepigwa kwa kuiba samaki jikoni hujifunza kwamba kuiba mbele ya mwenye fimbo ni hatari, basi ataiba usiku. Aliyeitwa, akaja, kisha akapigwa kwa kosa alilolifanya saa moja iliyopita, amejifunza kwamba kuitikia mwito kunauma, na siku ya hatari utamwita, naye atakukimbia. Baya zaidi ni kumpiga kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kunyamaza bado ana hofu ileile tumboni, ila sasa atauma bila kuonya. Katika nyumba yenye watoto wadogo, sioni faida yoyote ya kulifuta onyo hilo.

Je, Kiswahili hakina neno lake la zamani la kumfaa mfugaji? Kinalo: kutuza. Katika taarabu ya pwani, mtazamaji aliyeguswa na ubeti hasubiri tamasha liishe. Huinuka palepale, wimbo ukiendelea, akaenda kumtia mwimbaji noti mkononi. Mwimbaji anajua ni ubeti gani uliopata tuzo. Huko ndiko kutuza, na undani wa fundisho la Skinner umo humo: tuzo hufuata kitendo, hufuata mara moja, na hulenga kitendo kimoja kinachojulikana. Kwa mbwa, sekunde moja au mbili ndizo tulizonazo. Ukikawia hadi amekaa, ameinuka na ameanza kunusa miguu yako, umetuza kunusa.

Wapo watakaosema kumpa mbwa chakula ili atii ni kumhonga, ni madesu. Naelewa kwa nini neno hilo linakuja haraka mdomoni katika nchi yetu, lakini hapa halifai. Hongo huonyeshwa kwanza ili jambo litendeke. Tuzo hutolewa baada ya jambo kutendeka. Anayemtikisia mbwa nyama usoni kabla ya kumwita anahonga kweli, na atapata mbwa anayekagua mkono kwanza kabla ya kuja. Nyama ikae mfukoni au katika kikopo nyuma yako. Na kitendo kikishazoeleka, tuzo la chakula hupunguzwa, likaja mara moja moja, mara nyingine mahali pake pakachukuliwa na sifa au mchezo. Tabia haifi kwa hilo, kwa sababu mbwa asiyejua ni lini tuzo litakuja huendelea kujaribu.

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa na Waafrika wanaozungumza Kiswahili aangalie Morogoro, Tanzania. Shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, lina makao yake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na huko wakufunzi wa Kitanzania huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Hakuna panya anayepigwa. Kwanza panya hufundishwa kwamba mlio mdogo wa kidude cha mkononi maana yake ni chakula kinakuja. Kisha akinusa sawasawa mlio unalia papo hapo, halafu anapewa ndizi au karanga. Mlio huo ni daraja kati ya kitendo na tuzo, nami ningeuita kitambulisho cha tuzo. Panya mmoja wa Morogoro, Magawa, alipelekwa Kambodia, akapata medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, na hadi alipokufa Januari 2022 alikuwa amegundua zaidi ya mabomu 100 ya kutegwa na vilipuzi vingine. Kama panya anaweza kufundishwa hivyo kwa ndizi, mbwa aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka hana sababu ya kufundishwa kwa fimbo.

Karibu nasi zaidi kuna Virunga, hifadhi iliyoundwa mwaka 1925 na ambayo Mutwanga imeegemea. Mwaka 2011 walinzi wa hifadhi walianzisha kikosi cha mbwa huko Rumangabo, kikajulikana kama Congohounds, kwa msaada wa Marlene Zähner, daktari wa mifugo kutoka Uswisi. Walianza na mbwa wa aina ya bloodhound, wenye masikio marefu na pua inayoweza kufuata harufu ya mtu mmoja na kuiacha ya wengine. Mbwa wa kazi hiyo hawezi kulazimishwa. Hakuna anayeweza kumwonyesha harufu iko wapi, kwa sababu sisi hatuinusi. Yeye ndiye anayejua njia, na askari aliyeshika kamba nyuma yake anamfuata. Hufundishwa kutaka kufika, kwa kuwa mwisho wa njia ana tuzo lake. Wale wanaosema mbwa mkali hutengenezwa kwa mateso wangefaa kulitafakari hilo: katika hifadhi ambamo walinzi wengi wameuawa kazini, mbwa wanaotegemewa kuwasaka majangili ni wale wanaotunzwa na kutuzwa.

Turudi uani. Tuzo si lazima linunuliwe. Vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi vinatosha: dagaa mkavu aliyekatwa, yai la kuchemsha, kiazi kitamu kilichoiva. Jambo moja la Mutwanga lazima lisemwe kwa nguvu: usimpe mbwa kakao wala chokoleti, na usimwache alale juu ya turubai la kuanikia. Mbegu ya kakao ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole sana. Humtapisha, humtetemesha, huuendesha moyo mbio, na inaweza kumuua. Katika mji unaoishi kwa kakao, na wenye kiwanda chake cha chokoleti, onyo hili linastahili kubandikwa kwenye kila ghala.

Kisha familia ikubaliane juu ya maneno. Katika nyumba nyingi za kwetu baba humwita mbwa kwa Kinande, watoto kwa Kiswahili, na mjomba aliyesoma humwamuru kwa Kifaransa. Mbwa haelewi lugha, anaelewa sauti moja iliyofuatwa na jambo moja. Mchague "kuja" na "ikala", au maneno mengine yoyote, lakini yawe hayohayo kwa wote. Mafunzo mafupi ya dakika chache, mara kadhaa kwa siku, yanashinda saa nzima ya kelele.

Kuhusu istilahi yenyewe, hukumu yangu ni hii. Uimarishaji chanya ibaki katika vitabu, ikiwa na maelezo kwamba chanya ni kuongeza. Njia ya upole ya kufundisha tuiite mafunzo ya tuzo, na kazi ya mikono tuiite kutuza. Mfugaji atakayelisikia neno hilo ataelewa la kufanya bila kuhudhuria darasa.

Na kazi ya kwanza ya kutuza iwe kumzoesha mbwa kamba, mdomo kushikwa na mguu kuguswa, kila mguso ukifuatwa na kipande cha dagaa, ili akubali kuchanjwa. Kichaa cha mbwa, kile ambacho vituo vyetu vya afya hukiita rage, humfikia binadamu kupitia mbwa karibu kila mara, na wanne kati ya kila waathiriwa kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Ili ugonjwa usimame, mbwa 70 kati ya kila 100 wanapaswa kuchanjwa, na mbwa anayekimbia kila mkono unaonyooshwa hachanjwi. Ndugu msomaji, mzoeshe wako kuanzia leo, ili mganga wa mifugo atakapofika Mutwanga na sindano yake amkute amesimama kando yako.