Kumsikiliza Mwanafunzi Kabla ya Kumsimamisha Masomo

Lugha yetu hutofautisha kumfukuza mwanafunzi shule na kumsimamisha masomo. Aliyefukuzwa ameachana na shule. Aliyesimamishwa hutazamiwa kurudi. Kwa sababu hiyo adhabu hii ya pili huhesabiwa kuwa nyepesi, na mara nyingi hutolewa upesi, pasipo maswali. Katika makala haya twakusudia kueleza kesi moja ya Marekani iliyoyapima mazoea hayo.

Mwezi wa Februari na Machi, 1971, kulitokea ghasia katika shule za mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Sheria ya jimbo ilimruhusu mkuu wa shule kumsimamisha mwanafunzi hadi siku 10, mradi awaarifu wazazi sababu yake katika muda wa saa 24. Aliyefukuzwa aliweza kukata rufani mbele ya bodi ya elimu. Aliyesimamishwa hakuwekewa njia hiyo. Dwight Lopez, mwanafunzi wa sekondari, alisimamishwa baada ya fujo iliyoharibu mali katika chumba cha kulia. Kwa ushahidi wake, wenziwe wasiopungua 75 walisimamishwa siku ile ile, naye hakushiriki bali alikuwa mtazamaji tu. Hakupewa nafasi ya kusikilizwa.

Wanafunzi 9 walishtaki. Tarehe 22 Januari 1975, katika kesi ya Goss na Lopez, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mwanafunzi hawezi kunyimwa masomo, hata kwa siku chache, bila utaratibu wa haki. Hukumu iliyoandikwa na Jaji Byron White haikudai wakili wala mashahidi. Mwanafunzi aambiwe kosa lake. Akikana, aelezwe ushahidi uliopo. Kisha aseme upande wake. Mazungumzo hayo yaweza kufanyika dakika chache baada ya tukio. Anayehatarisha wengine aweza kuondolewa mara moja, kisha asikilizwe mapema iwezekanavyo.

Jaji Lewis Powell, kwa niaba ya wanne waliopinga, aliona kuwa mahakama inaingilia kazi ya walimu, na kwamba nidhamu yenyewe ni sehemu ya elimu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: sisi walimu twajua kuwa darasa lisilo na utulivu halifundishiki. Lakini mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na mkuu wa shule ambaye ndiye mshtaki na mwamuzi aweza kumwadhibu asiye na kosa.

Kumsimamisha mwanafunzi kuna kazi yake: shule hupata kutulia, na mzazi huitwa kushauriana na walimu. Ila asiyejua kosa lake hajui la kurekebisha. Hurudi na kinyongo, na somo alilokosa halimngojei. Dakika chache za kumsikiliza hazimpunguzii mwalimu mamlaka, bali huifanya adhabu yake iwe mafunzo.