Ulimwengu Ujao na Dola Iliyopo: Tumaini la Kitawala katika Afrika ya Kati, 1908–1945

Utangulizi

Wanazuoni wa dini na fasihi wameuliza mara nyingi kwa nini binadamu huvutwa na ulimwengu asiouona: pepo, ufalme ujao, nchi za ngano. Jibu la haraka ni kwamba nafsi iliyochoshwa na taabu hutafuta mahali pa kukimbilia. Makala haya yanalipima jibu hilo kwa historia ya Kitawala, vuguvugu la kidini lililoenea kutoka Nyasaland hadi Rhodesia ya Kaskazini na Kongo ya Wabelgiji. Hoja yake ni kwamba ulimwengu ujao haukuwasahaulisha waumini dunia yao, bali uliwapa kipimo cha kuihukumia.

Ahadi na kodi

Mafundisho ya Watch Tower, yaliyoasisiwa Marekani na Charles Taze Russell, yalimfikia Elliot Kamwana kupitia mmisionari Mwingereza Joseph Booth. Mwaka 1908 Kamwana alianza kuhubiri miongoni mwa Watonga wa kando ya Ziwa Nyasa na katika miezi michache akabatiza maelfu ya watu. Alitangaza kwamba Oktoba 1914 Kristo angerejea, utawala wa wageni ungekoma na kodi ingefutwa. Serikali ilimwondoa nchini mwaka 1909. Inafaa kuzingatia kilichotajwa katika ahadi hiyo. Kodi ni jambo la dunia hii kabisa. Kuiingiza katika habari za siku ya mwisho kulikuwa kuitangaza kuwa ni dhuluma ambayo Mungu mwenyewe angeiondoa. Mwaka 1914 ulipita bila ahadi kutimia, lakini tumaini halikutoweka. Lilisafiri na vibarua waliokwenda kutafuta kazi migodini.

Tumaini hilo halikuwa jema daima. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, aliahidi kuisafisha jamii kwa kuwaondoa wachawi. Katika Rhodesia ya Kaskazini na Katanga, watu wengi walioshutumiwa uchawi waliuawa kwa kuzamishwa majini, katika ibada ileile iliyopaswa kuwa ya wokovu. Nyirenda alinyongwa mwaka 1926. Ndoto ya jamii isiyo na uovu ilikuwa imegeuka hukumu juu ya jirani.

Jina na lugha

Jina la vuguvugu lina historia yake. Neno Tower lilivikwa kiambishi ki-, kinachoashiria namna au desturi kama katika Kikristo na Kizungu, likawa Kitawala. Kwa sikio la msemaji wa Kiswahili, umbo hilo linakaribiana na kitenzi tawala. Hivyo jina lililoanza kama utohozi wa neno geni liliweza kusikika kama dai: wakati wa wengine kutawala umefika. Tafsiri hiyo haikuhitaji mhubiri kuitamka, kwa kuwa lugha yenyewe iliibeba.

Migodi na uhamisho

Mwezi Mei 1935 wachimbaji wa shaba wa Mufulira, Nkana na Luanshya waligoma. Chanzo cha karibu kilikuwa jinsi ongezeko la kodi lilivyotangazwa: katika miji hiyo kodi ilipanda kutoka shilingi 12 na senti za Kiingereza 6 hadi shilingi 15. Huko Luanshya watu 6 waliuawa kwa risasi. Tume ya uchunguzi ilikiri uzito wa suala la kodi, lakini pia iliyataja mafundisho ya Watch Tower kuwa hatari na kuwa miongoni mwa visababishi vya msingi. Dola iliona ni rahisi zaidi kuyashuku maono ya wachimbaji kuliko kuyachunguza masharti ya maisha yao.

Kongo ya Wabelgiji ilitumia uhamisho wa lazima. Wafuasi wa Kitawala walitolewa Katanga na kupelekwa wilaya za mbali ili wasisikike. Matokeo yakawa kinyume, kwa maana kila aliyehamishwa alifika ugenini na mahubiri yake. Mwaka 1944, wakati wa kazi za kulazimishwa za vita, maasi yaliyoongozwa na Bushiri yalizuka katika maeneo ya Masisi na Lubutu. Yalizimwa kwa nguvu.

Ulinganisho wa kifasihi

Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, riwaya ya nchi inayoelea angani. Humo wajumbe hutumwa pande zote, hata mbinguni, wakarudi na mashauri mema na kutiwa kifungoni. Riwaya hiyo na Kitawala havina uhusiano wa moja kwa moja, na tofauti yao ni kubwa: msomaji wa riwaya anajua kuwa nchi hiyo ni ya kubuni, ilhali muumini alingoja siku halisi. Hata hivyo kazi ya ulimwengu mwingine ni moja katika vyote viwili. Anayerejea kutoka huko huyaona ya nyumbani kuwa yangeweza kuwa vingine.

Hitimisho

Historia hii ina funzo kwa watunga sera wa ukanda huu. Vuguvugu la kinabii linapozuka, swali la kwanza huwa ni jinsi ya kulidhibiti. Matukio ya 1925 yanaonyesha kuwa ulinzi wa uhai haupaswi kulegezwa. Lakini matukio ya 1935 na 1944 yanaonyesha kuwa kumwadhibu mwenye tumaini bila kusoma kilichomo katika tumaini lake ni kupoteza ushahidi. Orodha ya mambo yatakayokoma katika ulimwengu ujao ni orodha ya malalamiko ya ulimwengu huu, iliyoandikwa kwa lugha ambayo wanyonge waliiamini zaidi ya lugha ya barua za serikali. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa lugha wanastahili nafasi mezani kabla ya askari kutumwa.