Namba 2 147 483 647: tasa kubwa inayoweza kurudisha saa nyuma

Namba 2 147 483 647 ni namba tasa, ile walimu wa sekondari wanaita nombre premier. Haigawanyiki bila baki, isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Tasa ndogo ziko hata kwenye mfupa wa Ishango, uliopatikana mwaka 1950 kando ya Ziwa Edouard: safu yake moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Wataalamu bado wanabishana kama aliyekata alikusudia.

Inavyopatikana

Unazidisha 2 thelathini na moja pamoja (2 × 2 × 2…), kisha unatoa 1. Tasa za namna hii zina jina la Mersenne, padri Mfaransa wa karne ya 17. Lakini njia hiyo haileti tasa kila mara: ukitumia 2 kumi na moja unapata 2 047, nayo ni 23 × 89.

Ilivyohakikishwa

Kwa njia ya kawaida, mutu angejaribu kuigawa kwa tasa zote hadi 46 340, karibu 4 800. Mwaka 1772, Leonhard Euler alionyesha njia fupi: kama ingekuwa na kigawanyo, hicho kikigawanywa kwa 248 kingeacha baki 1 au 63 tu. Zilibaki chache za kujaribu, na hakuna hata moja iliyoigawa.

Kazi yake katika mashini

Kompyuta za zamani zinaandika namba kwa nafasi 32: moja ya alama ya kujumlisha au kutoa, 31 za namba yenyewe. Kwa hiyo haziwezi kupita 2 147 483 647. Kwa franka si mbali: mutu akihesabu franka 2 000 kwa dola moja, hiyo ni dola milioni moja na kidogo tu.

Saa nazo zinahesabu sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Pa Lubudi, kikomo kitafika tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri. Sekunde inayofuata, mashini isiyotengenezwa inaweza kurudi mwaka 1901.

Si jambo la kungojea 2038. Sheria ya madini ya 2018 inatoa ruhusa ya kuchimba kwa miaka 25. Ruhusa inayotolewa leo Lualaba inaisha nyuma ya kikomo hicho, na programu ya zamani inaweza kuisoma kama imeisha tangu zamani. Mkopo mrefu ni vilevile.

Mashini za nafasi 64 hazina shida hiyo, kama programu yake pia inaandika tarehe kwa nafasi 64. Kwa ofisi inayotunza mishahara, mikataba au ruhusa, jaribio ni rahisi: andika tarehe ya mwaka 2040, utazame kama mashini inaikubali.