Magari Yaliyozaliwa Mara ya Pili

Neno gari tumelitwaa kwa Wahindi, nalo lilikwisha kukaa midomoni mwa watu wa Mombasa kabla ya mota ya kwanza kuonekana mjini. Gari walilolijua wazee wa zama hizo lilikuwa kitoroli cha magurudumu manne ya chuma, chenye benchi la mbao na chandarua cha kuzuia jua, kikienda juu ya reli nyembamba ambazo upana wa kati yake ulikuwa futi 2, na nguvu yake ilikuwa mapaja ya wanaume waliokisukuma huku wakikimbia nyuma yake. Reli zile nazo zilikuwa na kisa chao. Mwaka 1890 Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyoasisiwa na Sir William Mackinnon, ilianza kutandika njia ndogo ya kuelekea bara, ikaipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Walakini baada ya maili 7 hivi azma ikavunjika, na vyuma vikabaki havina safari. Havikutupwa. Vilitandikwa upya katika njia za kisiwani, na wenye nafasi wakajivutia matawi hadi milangoni pa nyumba zao, kila mmoja akiwa na gari lake mwenyewe na wasukumaji wake waliovishwa sare. Hivyo ndivyo mji wetu ulivyopata usafiri wake wa kwanza wa magurudumu, kwa masalio ya njia iliyokusudiwa kufika maziwa makuu isifike hata Maji ya Chumvi.

Nimelianza jambo langu kwa mbali makusudi, kwa sababu wanaoandika tarikhi ya Mombasa aghalabu hukaa kisiwani, wakatutajia Ngome na Wareno na Wamazrui, nami sina neno nao. Ila ng'ambo zetu, Likoni na Kisauni na Changamwe, zina tarikhi yao ambayo haikuandikwa kwa wino bali kwa nyundo, nayo ni tarikhi ya mafundi waliochukua magari yaliyokwisha kazi, wakayavua mpaka mifupa, wakayaunda upya kwa haja ya mahali petu. Katika miaka niliyoiangalia kazi hiyo nimeelewa jambo moja ambalo kwanza sikulidhania: fundi wa bodi aliye mahiri halitazami gari kwanza. Huitazama njia litakayopita, na baada ya hapo ndipo hurudi kwenye gari kuuliza lina nini cha kuifaa njia hiyo.

Ufundi huu una wazazi wawili. Mmoja ni reli kubwa, ile iliyoanza Kilindini mwaka 1896 ikafika Ziwa Nyanza mwaka 1901, ambayo ilileta kutoka Bara Hindi watu zaidi ya 31,000, na miongoni mwao wahunzi na maseremala wa Kisingasinga ambao mikono yao ilijua chuma na mbao kwa pamoja. Wengi walirejea kwao muda wao ulipokwisha. Waliobaki wakafungua karakana, na jina la Kalasinga likawa kwa watu wetu karibu sawa na jina la fundi. Mzazi wa pili ni wa kwetu, naye ni seremala wa vyombo vya bahari, aliyejua kupinda ubao, kuziba upenyo kwa pamba na mafuta, na kuunganisha mbao zisiachane hata chombo kikipigwa na mawimbi. Zama hizo lori halikuwa likiletwa kamili. Aghalabu ilishushwa bandarini chasisi yenye injini na kichwa, na sanduku la nyuma, la mizigo au la abiria, likaachiwa mafundi wa hapa. Mtu aliyetaka basi alinunua mifupa, kisha akatafuta wa kuivika nyama.

Ng'ambo zetu tatu hazifanani, na tofauti hiyo ilikuwa madrasa ya mafundi. Kisauni iliunganishwa na kisiwa mwaka 1931 kwa daraja la Nyali lililoelea juu ya mapipa, ambalo mtu hakulivuka bila kulipa ushuru, nalo likadumu hadi 1980 lilipokamilika daraja la saruji tulilo nalo leo. Na kule upande wa pili palikuwa na mchanga, mawe ya matumbawe na njia za minazini. Changamwe iko juu, na mwenye kutoka Makupa na shehena hukutana na mlima mara tu anapoiacha bahari. Likoni ilikuwa, na ingali, mambo ya feri.

Nilipokuwa kijana nilizoea kukaa katika kiwanja cha fundi mmoja Changamwe, mtu mzima aliyekwisha kupungukiwa na macho lakini masikio yake yalikuwa kama ya paka. Kiwanja kilikuwa chini ya mwembe, hakina ukuta wala sakafu. Gari kuukuu lilipoletwa alilipandisha juu ya magogo, akafungua bodi yote, akaisugua chasisi kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka chuma kikaonekana, kisha akachukua nyundo ndogo akaanza kuigonga kutoka mbele kwenda nyuma, shubiri kwa shubiri, kichwa amekiinamisha. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilicholiwa na chumvi kwa ndani hutoa sauti fupi iliyokufa, kama debe lililojaa mchanga. Na pale aliposikia sauti ile alitia alama ya chokaa, akasonga mbele bila ya kusema neno. Alama zikiwa chache, palikatwa, pakachomelewa, pakatiwa kiraka cha bamba. Zikizidi, alimwambia mwenye gari achukue injini yake aende.

Siku moja alikuwa akipima chasisi ya lori lililokusudiwa kuwa gari la abiria la upande wa Likoni, nikamwona anapiga mstari wa kukata pale nyuma, karibu sana na ekseli, nami nikaona ni hasara kuipoteza nafasi ambayo ingekaa watu wanne. Nikamuuliza, "Mzee, mbona waufupiza mkia?"

"Mwanangu, hili litapanda feri," akaniambia. "Siku za bamvua maji yakikupwa, gati huwa mlima. Mkia huu ukiuacha utakokota chini, na gari litakwama nusu ndani nusu nje, na watu wote nyuma yako wapiga honi."

Katika jibu lile nilijifunza ufundi kuliko katika kitabu chochote. Mtengenezaji wa chasisi ile, aliyeko Ulaya au Japani, hakuwa na habari ya kupwa na kujaa kwa maji ya Likoni, wala hakupaswa kuwa nayo. Kwa ajili ya mchanga wa Kisauni, mzee huyo huyo aliinua bodi kwa kuongeza majani ya springi. Kwa mlima wa Changamwe alikesha juu ya breki kabla ya kugusa rangi. Mbavu za mbao za ubavuni aliziita mataruma, kama ziitwavyo mbavu za jahazi, na kila kiungo alikipaka mafuta kabla ya kutia bolti, maana alisema chumvi ya pwani haitoki juu pamoja na mvua, hutoka chini pamoja na upepo.

Lau mtu angependa kujua yanayotokea kazi hii inapofanywa kinyumenyume, na atazame mradi wa karanga wa Tanganyika. Vita vya Pili vilipokwisha, Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia, wakaazimia kulima karanga Kongwa kuanzia mwaka 1947, na kwa kuwa matrekta hayakupatikana, walichukua vifaru vya Kimarekani vya aina ya Sherman, kampuni ya Vickers ikavigeuza kuwa matrekta ya minyororo yaliyoitwa Shervick. Fikira ilikuwa nzuri, kutoa jembe katika chombo cha vita, na moyo wangu unaipenda hata leo. Lakini vilibadilishwa mbali na shamba, na watu wasioujua udongo wa Kongwa, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama tofali na chembe zake hula chuma kama msasa, ilhali mizizi ya mibuyu imejificha chini yake. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimekwenda na upepo.

Kinyume chake ni habari ya Joseph-Armand Bombardier wa kijiji cha Valcourt, Kanada, ambaye ningependa mafundi wetu wamjue. Huko theluji ilikuwa ikifunga njia miezi kadhaa kila mwaka, na watu wakafungika majumbani mwao. Mwaka 1922, naye kijana wa miaka 15, alitwaa injini ya Ford iliyochakaa akaifunga juu ya sleji pamoja na pangaboi la mbao, na chombo kikatembea juu ya theluji. Mwaka 1934 mwanawe wa miaka miwili aliugua tumbo wakati wa baridi, na kwa kuwa hapakuwa na gari la kupita katika theluji kumfikisha hospitali, mtoto akafa. Miaka mitatu baadaye baba yule alipata hataza ya gurudumu la meno lenye kuzungusha mikanda ya mpira, kisha akatoa magari ya watu 7, na mwaka 1942 ya watu 12, yenye bodi ya mbao, mikanda nyuma na mbao za kutelezea mbele. Wako watu hata leo wanaoyafufua magari yale uani kwa nyumba zao, wakitoa ubao uliooza na kutia mpya, wakitafuta mpira wa mikanda kama sisi tutafutavyo springi. Mtu wa Valcourt na mzee wa Changamwe hawakujuana, na mmoja hakupata kuona bamvua wala mwingine theluji. Lakini wangekutanishwa chini ya mwembe ule wasingehitaji mkalimani mrefu, maana kila mmoja alianza na njia iliyofungika.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliamuru kwamba matatu ziruhusiwe kuchukua abiria bila ya leseni iliyokuwa ikidaiwa mabasi, na neno lile moja likazijaza kazi karakana za ng'ambo zetu. Pikapu za Peugeot na Datsun, zilizoumbwa kubeba mizigo, zilivikwa paa la bati, zikawekewa mabenchi mawili ya kuelekeana na ngazi ya chuma nyuma, zikawa magari ya watu. Siwezi kusifu kila kitu. Wako waliopima mkia kwa fedha wala si kwa njia, wakarefusha bodi kupita uwezo wa chasisi, wakachomelea viti juu ya sakafu isiyo na mhimili, na abiria wakalipa kwa viungo vyao. Fundi aliyefanya hivyo alikuwa akiyajua madhara yake. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo amri zilipokuja sikuwa miongoni mwa waliolia. Kanuni alizozitoa Waziri John Michuki, zilizoanza kushika nguvu Februari 2004, zilileta mikanda ya viti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni. Na baadaye kiwango cha KS 372 kikaeleza jinsi bodi ya gari la abiria inavyopasa kuundwa, mifupa yake na viti vyake na milango yake ya dharura. Ninachokisikitikia ni kimoja tu. Karakana kubwa zenye mitambo na hati ziliweza kufuata, na mwembe haukuweza. Na elimu ya sikio na nyundo haikuandikwa mahali popote kabla ya wenyewe kuanza kuondoka. Mzee wangu ametangulia mbele ya haki. Mwanawe anauza vipuri vya magari yanayotoka Japani, ambayo kwa sheria yetu hayaruhusiwi kuingia nchini yakizidi umri wa miaka 8, na hana haja ya kugonga chasisi kwa kuwa wateja wake hutaka taa na redio.

Hata hivyo chuma hakijalala. Asubuhi nyingi, mwenye kusimama kando ya barabara juu ya Makupa ataona mkokoteni ukipandishwa kuelekea Changamwe na mapipa ya maji au magunia ya mkaa, mmoja ameshika mishikio mbele na wawili wanasukuma nyuma, wamelaza miili yao kama wanaoegemea ukuta. Chini ya mbao zake mna ekseli ya gari, na juma lililopita nilijisogeza karibu nikaona katika kikombe cha gurudumu, chini ya grisi na vumbi, herufi za Peugeot zingali zasomeka. Ncha mbili za ekseli ile zilikuwa zimekatwa kwa msumeno na kusawazishwa kwa tupa, na mbao zimefungwa kwa bolti zilizopakwa mafuta. Nikauliza nani ameuunda. Aliye mbele hakugeuka, kwa kuwa mlima haukumpa nafasi. Mmoja wa nyuma akanyoosha kidole upande wa mabonde ya Kipevu, akasema yuko fundi kule, na kama nina haja naye niende kabla ya adhuhuri, kwani baada ya hapo jua huingia kiwanjani naye huenda kupumzika.