Plasebo si dawa bandia

Mafua yakimbana mtu wa Tunduru katika baridi ya Juni na Julai, mara nyingi hukimbilia Duka la Dawa Muhimu. Maduka haya yalianzia hapahapa mkoani Ruvuma mwaka 2003, kwa majaribio, yakichukua nafasi ya yale ya dawa baridi, ndipo yakasambazwa nchini. Mteja anasema pua imeziba, anauziwa vidonge, na wiki ikipita anapumua vizuri. Je, ni vidonge vilivyomsaidia? Kwa ushahidi huo peke yake hatuwezi kujua. Mafua mengi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, hata kwa aliyekunywa chai ya tangawizi tu, hata kwa asiyetumia chochote.

Kwa hiyo anayeipima dawa ya kuzibua pua huwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Hawa hupewa kidonge chenye dawa. Wale hupewa kidonge cha rangi, umbo na ladha ileile, ila ndani hamna dawa. Mgonjwa hajui kapata kipi, na anayemhudumia hajui pia. Kila mmoja hueleza kwa alama jinsi pua ilivyoziba, na pengine hewa ipitayo puani hupimwa kwa mashine. Kidonge kile kisicho na dawa ndicho plasebo.

Wapo wanaokiita “dawa bandia”, na hapo napinga kwa nguvu zote. Kwa Mtanzania dawa bandia ni bidhaa ya kitapeli, ile ambayo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba huisaka na kuiteketeza. Mtu akisoma kwenye fomu ya ridhaa kwamba huenda akapewa dawa bandia, ana kila sababu ya kuinuka na kwenda zake. “Dawa tupu” nayo ina mtego. Debe tupu halina kitu, lakini uongo mtupu ni uongo usiochanganyika na chembe ya ukweli. Msikilizaji aweza kudhani anaahidiwa dawa halisi. Asili ya neno plasebo ni Kilatini, “nitaridhisha”, kwa kuwa zamani matabibu waliwapa wagonjwa kitu cha kuwaridhisha tu. Katika utafiti kazi yake ni nyingine: kulinganisha. Kwa sababu hizo nachagua plasebo, neno lisilobeba tuhuma, mradi lifafanuliwe kila linapotajwa kwa mara ya kwanza.

Bila ulinganisho huo tungeendelea kuamini mengi. Tazama fenilefrini, iliyomo katika vidonge vingi vya mafua duniani. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani liliamua kwa kauli moja kwamba, ikimezwa kwa kipimo kinachouzwa bila cheti cha daktari, haizibui pua zaidi ya plasebo. Novemba 2024 mamlaka yenyewe ikapendekeza iondolewe katika vidonge hivyo. Sehemu kubwa ya dawa hiyo huvunjwa tumboni na kwenye ini kabla ya kuifikia pua. Uamuzi huo haukuhusu dawa ya kupuliza puani, ambayo hufika moja kwa moja kwenye mishipa iliyovimba.

Katika majaribio ya fenilefrini, waliomeza plasebo nao walisema wanapata nafuu. Hawakudanganya: siku zilikuwa zinasonga, mafua yanaisha, na matumaini yana sehemu yake.

Siku dawa ya pua itakapopimwa kwa watu wa Tunduru, ningependa mhudumu aseme hivi, kwa Kiswahili, na kwa Kiyao kwa anayekihitaji: “Utapewa kidonge chenye dawa au plasebo, yaani kidonge kinachofanana nacho lakini hakina dawa ndani, ili tulinganishe. Itakayoamua ni bahati nasibu, si mimi. Wewe hutajua umepata kipi, nami sitajua mpaka utafiti uishe. Ukitaka kujitoa, jitoe wakati wowote, na matibabu yako ya kawaida yataendelea.”